Amana Baina ya Mataifa

Kila mwaka, nisahihishapo insha za wanafunzi wangu, hukutana na sentensi moja iliyovaa nguo mbalimbali lakini mwili wake ni ule ule. Husema kwamba mataifa hayana marafiki wa kudumu wala maadui wa kudumu. Yana maslahi ya kudumu tu. Mwanafunzi mmoja huiweka mwanzoni mwa insha kama bismillahi. Mwingine huiweka mwishoni kama amina. Hakuna aithibitishaye, kwa kuwa hakuna aionaye kuwa yahitaji ushahidi. Imekuwa kama sarafu iliyopita katika mikono mingi hata sura ya mfalme imefutika, na kila mtu huipokea bila ya kuitazama. Nia yangu katika insha hii ni kuitazama sarafu hiyo kwa makini, na kuonyesha kwamba nusu yake ni bandia.

Sikatai kwamba kila taifa hutafuta faida yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, nao hawakuhitaji elimu ya siasa ili walione jambo hilo. Ninalokataa ni mafunzo yanayotolewa katika sentensi ile: kwamba kwa kuwa maslahi ndiyo yanayodumu, basi imani baina ya mataifa ni pambo tu, kwamba avunjaye ahadi aliyompa rafiki yake ni mwerevu, na aumiaye kwa kuvunjiwa ahadi ni mjinga, na kwamba urafiki ukifa baina ya mataifa yaliyopigana vita upande mmoja, hakuna aliyekosa wala aliyepotelewa na kitu. Hayo ni makosa ya fikira kabla hayajawa makosa ya maadili. Nitajaribu kuyathibitisha kwa mambo yaliyotendeka, si kwa mawaidha.

Kwanza tumjue mwenye maneno. Fikira hiyo ilisemwa na Palmerston, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, katika Bunge la London tarehe 1 Machi 1848. Siku ile hakuwa akitoa somo la falsafa. Alikuwa akijitetea mbele ya wapinzani walioushutumu mwenendo wake kwa mataifa ya nje, na mshitakiwa ajiteteaye hutafuta kanuni pana ya kujifunika. Tena hakusema kwamba ahadi hazina uzito. Alisema kwamba maslahi ya Uingereza hayana mwisho, na kwamba ni wajibu wake kuyafuata. Wanafunzi wetu wamelitupa neno wajibu na kulibakiza neno maslahi, kama mtu alaye ganda akaacha tunda.

Lakini taifa la msemaji huyo lilikuwa lenyewe shahidi dhidi yake. Uingereza na Ureno zilifungamana kwa mkataba mwaka 1373, zikauthibitisha kwa Mkataba wa Windsor mwaka 1386. Palmerston aliposimama kusema, mapatano hayo yalikuwa na umri wa miaka 475. Na mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipotaka kuvitumia visiwa vya Azores katika kupambana na nyambizi za Ujerumani, Churchill aliutaja mbele ya Bunge mkataba ule ule wa 1373 kuwa ndio msingi wa mapatano mapya. Na Ureno, ambayo haikuwa imeingia vitani, iliitikia ombi la rafiki yake. Kama huyo si rafiki wa kudumu, sijui neno kudumu lina maana gani.

Wala sitaki kuuficha upande wa pili wa habari hiyo. Tarehe 11 Januari 1890 Uingereza ilimpelekea rafiki huyo huyo onyo la mwisho, ikimtaka aondoe askari wake katika nchi ya mto Shire, iliyo katika Malawi ya leo, na katika nchi ya Wamashona. Nchi zenyewe zilikuwa za Waafrika, nao hawakuulizwa neno. Ureno ikatii kwa fedheha kubwa, na serikali yake ikaanguka. Basi urafiki uliodumu haukudumu kwa kuwa haukupata jeraha kamwe. Ulidumu kwa kuwa pande mbili ziliona kwamba thamani yake ni kubwa kuliko jeraha, zikautunza. Jambo litunzwalo haliwezi kuwa si kitu.

Sasa nirudi katika kazi yangu, ambayo ni lugha. Kiswahili kina jamaa moja ya maneno yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu: amini, imani, amana, uaminifu, amani. Sidai kwamba asili ya neno ni hoja ya kushinda kesi. Neno laweza kuhama mbali na nyumba ya wazazi wake. Walakini ndugu hawa hawajahamiana. Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Mwenye kuiweka hawezi kuiona kila saa, wala hawezi kumlinda anayeilinda. Kama angeweza, isingekuwa amana. Vivyo hivyo mataifa yanapofungamana, kila moja huweka kitu kwa mwenzake: siri zake, mipango yake, usalama wa mipaka yake, na pengine damu ya vijana wake. Hupunguza askari upande huu kwa kuwa rafiki yuko upande huo. Hulala, kwa kuwa mwenziwe yu macho.

Hapo ndipo ninapoiweka hoja yangu. Imani baina ya washirika haifi kwa sababu ya kutokubaliana. Ndugu hutofautiana, mke na mume hutofautiana, na nyumba husimama. Imani hufa pale mmoja anapoila amana, yaani anapoitumia ile nafasi aliyopewa kwa kuaminiwa ili kumdhuru au kumhadaa aliyemwamini. Na huo mlo haumshibishi mlaji.

Tuchukue mfano wa Mfereji wa Suez katika mwaka 1956. Uingereza, Ufaransa na Marekani zilikuwa zimepigana vita vikuu viwili upande mmoja, na tangu mwaka 1949 zilikuwa pamoja katika Mapatano ya Atlantiki ya Kaskazini. Viongozi wao walijuana. Eisenhower, Rais wa Marekani, ndiye aliyekuwa jemadari wa majeshi ya washirika yaliyoshuka Ufaransa mwaka 1944. Eden, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati wa vita hivyo. Macmillan, Waziri wa Fedha, alikuwa mjumbe wa Uingereza katika makao ya Eisenhower huko Afrika ya Kaskazini. Kama kuna urafiki wa mataifa uliopitishwa katika moto, ni huo.

Tarehe 26 Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser alitangaza katika mji wa Iskandaria kwamba Misri imeitaifisha Kampuni ya Mfereji wa Suez. Wiki moja kabla yake, Marekani na kisha Uingereza zilikuwa zimeondoa ahadi ya kusaidia ujenzi wa bwawa kubwa la Aswan. London na Paris zikakata shauri kwamba Nasser lazima ashindwe, kwa silaha ikibidi. Washington ilipinga matumizi ya silaha, wala haikupinga kwa kunong'ona: tangu tarehe 31 Julai Eisenhower alimwandikia Eden kumwonya. Kwa hiyo tofauti ilikuwapo tangu siku za kwanza, nayo ilijulikana kwa wote. Kwa miezi mitatu wakajadiliana, wakafanya mikutano London, wakalipeleka shauri Umoja wa Mataifa, na urafiki haukuvunjika.

Kati ya tarehe 22 na 24 Oktoba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri katika nyumba ya mtu binafsi huko Sèvres, karibu na Paris. Wakapatana kwamba Israeli itaishambulia Misri. Kwamba Uingereza na Ufaransa zitajifanya kushtuka, kisha zitazitaka pande zote mbili ziondoke karibu na mfereji. Na kwamba Misri itakapokataa, zitaingia kwa silaha kana kwamba ni wasuluhishi. Mapatano hayo yakatiwa saini. Eden alipojua kwamba kuna karatasi, aliamuru nakala ya Uingereza iteketezwe, akawatuma watu warudi Paris kuomba nakala nyingine ziteketezwe pia. Nakala ya Israeli ilisalia, na mwaka 1996 maneno yake yakawekwa hadharani.

Mchezo ukachezwa kama ulivyoandikwa. Tarehe 29 Oktoba Israeli iliingia Sinai. Tarehe 30 Uingereza na Ufaransa zikatoa amri kwamba majeshi yote yakae maili 10 mbali na mfereji; maana yake Misri irudi nyuma ndani ya nchi yake yenyewe, na Israeli, iliyokuwa bado haijaufikia mfereji, ipate ruhusa ya kusonga mbele. Tarehe 31 mabomu yakaanza kuanguka juu ya viwanja vya ndege vya Misri. Rais wa Marekani, aliyekuwa amebakiwa na siku 6 kuufikia uchaguzi wake, hakuwa ameambiwa neno.

Jibu la Marekani lilikuwa kali. Katika Baraza la Usalama ilileta azimio la kusimamisha vita, na Uingereza, kwa mara ya kwanza tangu Umoja wa Mataifa kuanzishwa, ikatumia kura ya turufu, pamoja na Ufaransa. Shauri likapelekwa katika Baraza Kuu, na tarehe 2 Novemba nchi 64 ziliunga mkono azimio la Marekani, na nchi 5 tu zikalipinga. Kisha ukaja wakati wa fedha na mafuta. Mfereji ulikuwa umezibwa kwa meli zilizozamishwa. Akiba ya Uingereza ya fedha za kigeni ilikuwa ikiyeyuka. Na Marekani ikakataa kuisaidia kupata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, au mafuta ya dharura, mpaka iahidi kuondoka. Askari waliteremka Port Said tarehe 5 na 6 Novemba, na usiku wa tarehe 6 vita vikasimama. Ufaransa, iliyotaka kuendelea, ilipewa habari na Uingereza badala ya kuombwa shauri. Ikawa aliyekula njama na mwenziwe naye ameachwa njiani. Kabla ya mwaka kwisha askari wote wa nchi mbili hizo walikuwa wamekwisha kuondoka Misri.

Katika siku zizo hizo, tarehe 4 Novemba, vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest kuwazima Wahungaria waliotaka uhuru. Mataifa yaliyojiita walinzi wa uhuru yangekuwa na la kusema. Lakini mawili kati yao yalikuwa yakiipiga Misri mabomu, na la tatu lilikuwa likihangaika na marafiki zake. Mwenye damu mkononi hawezi kumnyoshea mwenziwe kidole.

Basi ni nini hasa kilichovunjika? Mwanafunzi wangu ataniambia: maslahi yaligongana, basi. Namjibu: maslahi yalikwisha kugongana tangu Julai, na kwa miezi mitatu watu walikaa meza moja. Kilichotokea Oktoba ni kitu kingine. Marekani haikukasirishwa na jambo ambalo haikulijua katika nia za rafiki zake, kwa maana nia zao ilizijua. Ilikasirishwa na kufanywa kipofu na wale iliowapa macho yake. Na ushahidi kwamba wenye kufanya walijua kuwa wanaila amana ni ile amri ya kuteketeza karatasi. Mtu hateketezi waraka wa maslahi halali. Mwezi Desemba Eden alisimama Bungeni akasema kwamba hakukuwa na habari za kabla juu ya shambulio la Israeli. Tarehe 9 Januari 1957 alijiuzulu, afya yake ikiwa mbovu, na sifa aliyoikusanya kwa miaka 30 ikabaki na doa ambalo wanahistoria hawajaweza kulifua. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikipitia Bungeni.

Na ile hesabu ya faida ambayo tunaambiwa ndiyo akili ya mataifa, tuifanye. Walitaka mfereji uondoke mikononi mwa Nasser. Ukabaki mikononi mwake, naye akatukuka kuliko kwanza. Walitaka kuonyesha kwamba wao bado ni wakubwa. Wakaonyesha kwamba mkopo mmoja ukizuiwa hawawezi kusogea. Kama walifuata maslahi, basi walifuata kwa njia ambayo maslahi yenyewe hayakuonekana tena.

Lakini hasara kubwa zaidi ni ile iliyokuja taratibu. Uingereza ilijifunza kwamba isiachane tena na Marekani katika jambo kubwa. Macmillan akakutana na Eisenhower huko Bermuda mwezi Machi 1957, na mwaka 1958 mataifa mawili hayo yakafunga mkataba wa kushirikiana katika silaha za nyuklia. Ufaransa ilijifunza kinyume: kwamba wakati wa dhiki Marekani itakuzuia na Uingereza itakuacha. Kazi ya bomu la Kifaransa, iliyokuwa imekwisha kuanza, ikapata nguvu mpya, na tarehe 13 Februari 1960 bomu la kwanza likalipuliwa katika jangwa la Sahara, juu ya ardhi ya Waafrika. Mwezi Januari 1963 de Gaulle akaikatalia Uingereza mlango wa Soko la Pamoja la Ulaya, akiiona kuwa imefungamana mno na Marekani. Mwaka 1966 akaitoa Ufaransa katika uongozi wa pamoja wa majeshi ya Atlantiki. Haikurudi mpaka mwaka 2009. Sisemi kwamba Suez peke yake ndiyo iliyozaa hayo yote. Mtoto huyu alikuwa na wazazi wengi. Nasema kwamba tangu mwaka 1956 kila jambo la mashaka lilipotokea, Paris ilikuwa na mfano wa kuukumbuka.

Hapa mpinzani atasimama aseme: Je, hawakupatana? Si mwaka mmoja tu ukapita, Uingereza na Marekani wakawa marafiki kuliko kwanza? Basi imani haina thamani, maana ilivunjwa na ikaungwa kwa wepesi. Hoja hiyo yaonekana nzuri mpaka utazame waliounganishwa. Uingereza ilirudi, lakini haikurudi mahali pake pa zamani. Ilirudi kama mtu aliyekamatwa, ambaye tangu siku ile hupaza sauti ya utii ili lisikumbukwe lililopita. Ufaransa haikurudi hata hivyo. Kuungwa kwa chombo hakuthibitishi kwamba hakikuvunjika. Huthibitisha kwamba mwenyewe alikihitaji sana hata akakubali kunywea penye ufa.

Tena somo halikueleweka. Mwaka 2016 Australia iliichagua Ufaransa kuijengea nyambizi 12, kazi ya makumi ya mabilioni na ya miaka mingi. Mwezi Juni 2021 viongozi wa Marekani, Uingereza na Australia walikutana huko Cornwall, pembeni mwa mkutano mkubwa ambao Rais Macron wa Ufaransa naye alihudhuria, akila na kunywa pamoja nao. Tarehe 15 Septemba mwaka huo huo watatu hao wakatangaza mapatano mapya: Australia itapata nyambizi za nguvu za nyuklia kutoka kwao, na kazi ya Wafaransa imekufa. Siku mbili baadaye Ufaransa ikawaita nyumbani mabalozi wake kutoka Canberra na Washington. Kumwita balozi wa Washington ni jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu Marekani kuzaliwa, ingawa ilikuwa rafiki yake tangu vita vya uhuru wake.

Angalia tena mahali jeraha lilipo. Australia ilikuwa na haki ya kubadili shauri lake. Nyambizi zilichelewa, gharama zilipanda, na hatari za bahari ya Pasifiki ziliongezeka. Hakuna mtu wa haki atakayeikatalia haki hiyo. Mwaka 2022 ilikubali kulipa euro milioni 555 kumaliza mkataba, na kwa upande wa fedha mambo yakaisha. Lakini Macron alipoulizwa na waandishi wa habari kama anadhani kwamba Waziri Mkuu wa Australia alimdanganya, alijibu kwamba hadhani, bali anajua. Jeraha hilo halikuwa la mabilioni. Lilikuwa la kukaa meza moja na watu ambao wamekwisha kukutoa hesabuni. Rais Biden mwenyewe alikiri mbele ya Macron, mwezi Oktoba, kwamba jambo lilitendwa bila ustadi. Ni ungamo la nusu: kosa halikuwa la ustadi.

Nastahili kuulizwa swali gumu zaidi. Je, kama jambo lafanywa hadharani, hapo imani husalimika? Mwezi Januari 2025, siku chache kabla ya kushika tena urais wa Marekani, Donald Trump alikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu za kijeshi au za uchumi ili kuipata Greenland, nchi iliyo chini ya ufalme wa Denmark. Hakuficha lolote, alisema mbele ya dunia nzima. Lakini Denmark ni mmoja wa waanzilishi wa Mapatano ya Atlantiki. Kwa mkataba wa mwaka 1951 iliipa Marekani ruhusa ya kuweka askari wake Greenland. Na Marekani iliposhambuliwa tarehe 11 Septemba 2001, washirika walitangaza, kwa mara ya kwanza katika historia ya mapatano yao, kwamba aliyepigwa mmoja wamepigwa wote; na Wadenmark zaidi ya 40 wakafa katika vita vya Afghanistan.

Basi lazima niirekebishe hoja yangu, wala sioni haya. Siri ni njia moja ya kuila amana. Njia ya pili ni kuila mchana kweupe mbele ya mwenyewe, kwa kuwa hana nguvu ya kukuzuia. Wa kwanza angalau huona haya, ndiyo maana huchoma karatasi. Wa pili huifundisha dunia kwamba mlinzi aweza kutamani nyumba anayoilinda. Na mwenye nyumba akishalijua hilo, atanunua mbwa wake mwenyewe, hata kama mlinzi ataomba radhi asubuhi.

Msomaji asidhani kwamba nasimulia aibu za Ulaya na Marekani ili sisi wa Afrika ya Mashariki tujione safi. Sisi nasi tulikuwa na mapatano. Yalitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikaanza tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao yake yakiwa Arusha. Tulikuwa na reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja, shirika moja la ndege. Na kwa miaka michache hata Chuo Kikuu kimoja chenye matawi Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, mpaka kilipogawanywa mwaka 1970. Tangu Idi Amin kutwaa nchi ya Uganda mwezi Januari 1971, wakuu watatu wa Jumuiya hawakukaa tena pamoja. Mwalimu Nyerere alikataa waziwazi kuketi na mpinduzi, na siwezi kumlaumu. Lakini nyumba isiyo na mkutano wa wenyewe huachiwa makarani na wahasibu, na wahasibu walifanya kazi yao: kila nchi ikapiga hesabu ya nini inachotoa na nini inachopata, kila nchi ikajiona kuwa ndiyo inayoibiwa, kila nchi ikazuia fedha zisipelekwe kwa wenzake.

Hapo kanuni ya maslahi ilifuatwa kwa ukamilifu, bila ya mchanganyiko wa hisia. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1977 ndege za Jumuiya ziliacha kuruka, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikafa ikiwa na umri wa miaka 10. Mpaka ulifunguliwa mwezi Novemba 1983. Mali iliyosalia iligawanywa kwa mapatano ya mwezi Mei 1984. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Hesabu ni nyepesi: miaka 10 ya kuishi, miaka 22 ya kulala kaburini. Mtoto aliyezaliwa siku mpaka ulipofungwa alikuwa mtu mzima siku wakuu walipotia saini tena. Ni nani katika sisi awezaye kuonyesha faida aliyoipata katika miaka hiyo 22, iliyozidi ile aliyodhani anaibiwa?

Narudi katika lugha kwa mara ya mwisho. Neno maslahi, ambalo wanafunzi wetu hulitumia kama panga, lina ndugu zake pia. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa suluhu, na kusuluhisha, na msuluhishi. Maslahi, kwa asili yake, ni lile litengenezalo mambo yakatengenea. Mtu aliyesema kwanza kwamba maslahi na suluhu ni vitu viwili vinavyopigana hakuwa Mswahili, wala hakuuliza Waswahili. Nimekwisha kusema kwamba asili ya neno si hoja. Lakini baada ya Sèvres, baada ya Canberra, na baada ya mpaka wa Namanga, nadhani neno hilo limepata mashahidi wa kutosha.

Kwa hiyo nawaomba vijana wanaosoma ukurasa huu jambo moja dogo. Miongoni mwenu wamo mabalozi na mawaziri wa kesho. Mtakaa meza moja na wenzetu wa Kenya, wa Uganda, wa Rwanda, wa Kongo, na wengine ambao wamejiunga nasi, mkiwa na kalamu mkononi. Mtofautiane nao kwa nguvu zote pale mnapotofautiana. Mseme hapana, na mseme mapema, na mseme machoni pao. Badilini shauri ikibidi, na mlipe gharama ya kubadili. Lakini siku mtakapojiona mnatafuta kiberiti cha kuchomea karatasi kabla mwenzenu hajaiona, msijiambie kwamba mnafuata maslahi ya taifa. Wekeni kiberiti chini, mkamwite mwenye amana.